Picha ya Mkono Mzima

Siku Chokaa alipojiandikia mashtaka kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa na njaa. Tulitaje hilo mapema, kwa sababu baadaye alijaribu kulitumia kama kisingizio, na njaa ya watu haina kosa lolote. Ilikuwa saa saba kasoro mchana, benchi la nje limejaa vijana walioanguka na pikipiki, na yeye tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni isipokuwa kipande cha mkate alichokila amesimama.

Chokaa si jina lake. Jina lake lipo kwenye kitambulisho anachoning'iniza shingoni, ila hakuna anayelisoma. Ni fundi wa plasta, yule anayefunga mikono na miguu iliyovunjika, katika chumba cha mwisho cha korido ya mifupa. Kwa miaka ishirini na miwili unga wa plasta umemwingia kwenye nyusi, kwenye kucha na kwenye mishono ya viatu, hata akitoka kuoga bado anaonekana kama mtu aliyekuwa anapaka ukuta. Hospitalini hapo aliingia kama mfagiaji. Fundi wa zamani alimwona anavyokunja matambara ya kudekia, kila moja sawa na mwenzake, akamwambia aweke fagio chini aje ashike bandeji. Tangu hapo amefunga mifupa ya watu wa kila aina, na wapo aliowafunga utotoni ambao sasa wanamletea watoto wao.

Sifa yake kubwa ni watoto. Mtoto akiingia chumbani mwake analia, hutoka kimya. Chokaa hupiga goti, akamnong'oneza kwamba mfupa una masikio. Ukisikia kelele unaogopa, na mfupa ulioogopa hauungani. Mtoto hubana midomo. Plasta ikimalizika, Chokaa huchora nyota kwa kalamu nyekundu na kuandika SHUJAA kwa herufi kubwa. Aliyelia haandikiwi kitu. Akina mama walimshukuru mpaka wakamaliza maneno, na wauguzi wa wodi ya watoto walikuwa wakimwita hata kwenye sindano ambazo hazikumhusu.

Mbinu hiyo hakuisoma popote, aliikuta kwao. Baba yake alikuwa mwashi, na siku moja Chokaa, akiwa na miaka minane, alikanyaga msumari kwenye ubao wa kiunzi. Mzee aliuchomoa kwa koleo, akamuuliza anamlilia nani, maana msumari hausikii. Kisa hicho Chokaa alikisimulia kila penye watu, na watu walivunjika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Hakuna aliyewahi kumuuliza yule mtoto wa miaka minane alifanya nini baada ya hapo, na yeye mwenyewe hakumbuki.

Nyumbani ana mke, fundi cherehani anayeshona mapazia, na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na mitano ambaye baba yake humwita Shujaa. Usidhani alianza hivyo. Alipokuwa mdogo binti huyu alikuwa king'ora. Kijiko kikianguka, machozi. Paka wa jirani akipita bila kumwangalia, machozi. Chokaa hakumchapa hata siku moja, na hilo alilitembeza mbele za watu kama cheti. Dawa yake ilikuwa mzaha. Mtoto akilia, baba alikunja uso vilevile, akatoa mdomo wa chini, akalia pamoja naye kwa sauti ya mbuzi mpaka nyumba nzima ikaangua kicheko. Mtoto naye alicheka, machozi yakiendelea kumtiririka. Akiogopa giza, aliulizwa huyo simba anayemwogopa amepanga chumba kipi. Akikasirika, baba alitangaza kwamba mheshimiwa waziri amenuna, aandikiwe barua ya kuombwa radhi. Mama yake, kwa upande wake, alikuwa na neno moja tu kwa kila maumivu: nenda kamwonyeshe baba yako, yeye ndiye anayejua. Kufikia miaka kumi hivi, king'ora kilizimika. Chokaa akajisifu kazini kwamba binti yake ana moyo wa chuma. Samaki alikuwa amemkunja angali mbichi, na alipenda sana jinsi alivyokunjika.

Basi siku hiyo daktari wa mifupa alikuwa chumba cha upasuaji tangu asubuhi, na picha za eksirei zilikuwa zikija moja kwa moja kwa Chokaa ili aanze kuandaa maji na bandeji. Picha za pale hazina jina. Zina namba, umri na jinsia tu, na jina linabaki kwenye faili, ambalo huja na mgonjwa mwenyewe baadaye. Mpiga picha alimletea mbili za mtoto mmoja, Chokaa akazibandika kwenye kisanduku cha taa.

Ya kwanza ilikuwa ya mkono wa kulia. Mfupa umekatika juu kidogo ya kifundo, kingo bado kali. Wa leo huo, hauna ubishi. Ya pili ilikuwa ya mkono wa kushoto, ule mzima. Kwa mtu ambaye bado anakua, hospitali hupiga picha mikono yote miwili ili daktari alinganishe, kwa kuwa mifupa ya watoto ina mistari ya kukulia ambayo asiyejua anaweza kuidhania ufa. Kwa kawaida Chokaa huitupia jicho picha ya mkono mzima na kuendelea na kazi. Safari hii jicho lilikwama. Katikati ya mkono, mfupa mmoja ulikuwa mnene kama fundo la muwa, na kuanzia hapo ulikuwa umepinda.

Aliusogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mfupa huo ulivunjika mwaka mmoja hivi uliopita. Haukunyooshwa na mtu wala haukufungwa plasta. Ulikuwa umejiungia wenyewe gizani, huko ndani ya nyama, kama ulivyoweza.

Njaa ikamtoka. Alimuuliza mpiga picha ni nyumba ya namna gani hiyo ambamo mtoto anavunjika mkono na watu wanaendelea kula na kulala. Mpiga picha alisema huenda hawakujua. Chokaa akamkatalia, akasema mkono uliovunjika si siri ya kuficha mfukoni, mtu hawezi kuvaa nguo wala kujifunika shuka bila kuguna kwa maumivu, na mzazi asiyesikia hayo basi ameamua kutosikia. Alisema mengine ambayo si ya kuandikwa. Mpiga picha akarudi kwenye mashine yake.

Sheria ya hospitali ni kwamba mvunjiko wa zamani usiotibiwa kwa mtoto lazima uripotiwe ofisi ya ustawi wa jamii. Kawaida daktari ndiye hujaza, lakini mfanyakazi yeyote anaruhusiwa, na Chokaa hakutaka kusubiri. Akavuta kitabu cha fomu, kile chenye nakala tatu tatu na namba iliyochapwa juu. Akaandika namba ya picha, umri miaka kumi na mitano, jinsia ya kike. Umri huo aliuandika bila hata kalamu kusita. Penye maoni, ambapo wengine huweka mstari mmoja, yeye alijaza mpaka pambizoni: mtoto huyu amekaa na mkono uliovunjika wiki kadhaa bila matibabu, haiwezekani anayeishi naye nyumba moja asijue, wazazi waitwe wote wawili na baba ahojiwe kwanza. Neno baba alilipigia mistari miwili. Akatia saini na kuipeleka mwenyewe kwa Mama Ustawi, afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke wa makamo asiye na haraka na mtu. Mama Ustawi aliigonga muhuri, na fomu ikishagongwa muhuri hairudi nyuma. Chokaa akarudi chumbani na hasira ile tamu ya mtu anayejua kosa ni la mwingine. Wahenga walishasema nyani haoni kundule.

Hajakaa, mlango ukafunguliwa. Aliingia mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari, na nyuma yake binti mwenye sare, mkono wa kulia umefungwa kwenye ubao kwa skafu, faili lake amelibana kwapani. Alikuwa anatabasamu kidogo.

"Baba, usishtuke," alisema. "Ni kidogo tu."

Chokaa alishtuka, lakini kwanza ule mshtuko wa kawaida wa baba yeyote. Alimkalisha kitini, akampapasa vidole vilivyovimba, akamuuliza mwalimu imekuwaje. Mwalimu alieleza kwamba binti aliteleza kwenye netiboli asubuhi, akaangukia mkono, akainuka, akauficha ndani ya fulana na kusimama uwanjani mpaka filimbi ya mwisho. Kisha akakaa vipindi viwili vizima darasani akiandika kwa mkono wa kushoto. Mwenzake wa dawati ndiye aliyeona vidole. Walipotaka kupiga simu nyumbani, binti aliwakataza, akasema baba yupo kazini asisumbuliwe, na kazini kwenyewe ndiko wanakokwenda. Mwalimu alisema tangu aanze kufundisha hajaona mtoto mvumilivu kiasi hicho, na akampongeza Chokaa kwa malezi. Sifa hiyo Chokaa alikuwa akiila kama karanga miaka yote. Alikuwa tayari kuitafuna na leo.

Ndipo alipochukua faili ili atafute picha. Akasoma namba. Akainua macho kwenye kisanduku cha taa, akasoma namba. Akarudi kwenye faili. Alifanya hivyo mara tatu, kama mtu aliyepewa ujumbe wa msiba wenye jina linalofanana na la nduguye na bado anatumaini ni mwingine.

"Hebu geuza kiganja juu," alimwambia binti. "Huo wa kushoto."

Kiganja kiligeuka mpaka nusu, kikabaki kimesimama kwa ubavu. Alimwambia ageuze chote. Binti akajibu kwa adabu kwamba hicho ndicho chote.

Chokaa akakumbuka sahani. Mwaka mzima binti huyu alikuwa akipokea sahani kwa ubavu, mchuzi ukimwagikia kitambaa cha meza, na mwaka mzima yeye, mtaalamu wa mifupa, alikuwa akimtania kwamba huyu ataandalia wageni sakafuni. Mkono uliopinda ulipita mbele ya pua yake kila jioni ukiwa na chakula juu yake. Alishika ukingo wa meza. Mwalimu alidhani ni uchungu wa baba akamwambia ajikaze, mifupa ya watoto huunga haraka.

Mama Ustawi naye akatokea mlangoni, fomu mkononi, akitafuta mgonjwa mwenye namba ile. Alimwangalia binti, akalisoma faili, akamwangalia Chokaa. Akavua miwani. Alimshika binti bega la kushoto, akaenda naye ofisini, akafunga mlango. Chokaa aliambiwa akae kwenye benchi.

Benchi hilo analijua. Kwa miaka ishirini na miwili amepita mbele yake akiwa na ndoo ya maji, akawaona wazazi walioitwa wamekaa pale, na kila mara aliwasoma nyuso akajua wana hatia. Sasa alikaa yeye, na mfagiaji alipopita aliinamisha kichwa. Akampigia simu mkewe. Mkewe aliuliza ni mkono gani. Chokaa akasema yote miwili, ila wa kushoto ni wa mwaka jana. Cherehani iliyokuwa ikisikika nyuma ya simu ikanyamaza.

"Sweta," alisema mkewe.

Chokaa akalikumbuka na yeye. Mwaka jana, mwezi wa joto kali, binti alivaa sweta la shule ndani ya nyumba, asubuhi na jioni, jasho likimtoka. Mama alimuuliza mara moja, akaambiwa ni baridi. Baba alitangaza mezani kwamba hiyo ni baridi ya mapenzi, kijana huyo ajitokeze alete blanketi. Walicheka siku nyingi na mzaha huo. Mkewe sasa alikuwa analia kwenye simu, na Chokaa, bila kufikiri, alianza kumwambia kwamba kulia hakutasaidia kitu. Akajisikia akilisema. Akakata simu kabla hajamaliza.

Alipoitwa ndani, alimkuta binti amekaa wima kama mtu anayesubiri usaili. Mama Ustawi alieleza kwamba amehangaika nusu saa, si kwamba mtoto hataki kusema, bali anataka iandikwe kuwa baba hakujua chochote. Yeye amemwambia haandiki uongo. Akamwomba binti amwambie baba yake alichomwambia yeye. Binti aliangalia meza, akasimulia kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mitihani. Alikuwa anafuta madirisha, kigoda kikateleza. Alihisi kitu kimelia ndani ya mkono. Mama akasema kamwonyeshe baba.

"Nikaja kukuonyesha," alisema. "Ulikuwa na kina baba wadogo mnaangalia mpira. Ukaubonyeza, ukasema, 'Aliyevunjika mimi namjua, huwa anasikika kabla hajaonekana.' Mkacheka wote. Na mimi nikacheka."

Chokaa aliitafuta siku hiyo kichwani mwake. Mechi aliipata. Alimkumbuka mfungaji, dakika ya bao, na nduguye mdogo aliyemwaga soda. Binti yake hakumwona popote ndani ya kumbukumbu hiyo. Alijaribu tena, kwa sababu maneno yale yalikuwa yake kabisa, mtu mwingine hawezi kuyatunga, na bado hakuyakumbuka kuyasema.

Binti aliendelea. Aliamini, kwani baba ndiye anayejua mifupa. Kama baba amesema haukuvunjika, basi kinachouma ni ulegevu wake tu. Siku ya tatu, akiwa anavaa, alisikia mfupa ukisogea. Akaona aibu. Akachukua rula mbili na mtandio wa zamani, akaufunga mwenyewe, akavaa sweta juu. Akakaa nao wiki sita, kwa kuwa baba mezani husema mkono ni wiki sita. Na kila siku alichezesha vidole mara mia, kwa kuwa baba husema asiyechezesha vidole hukakamaa. Kitu kimoja tu kilimshinda, kuunyoosha, kwa sababu baba husema kunyoosha kunahitaji watu wawili.

Mama Ustawi aligeukia dirishani. Mbele yake alikuwa na mgonjwa aliyefuata maagizo yake kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kumfunga, na alikuwa akilala chumba cha pili kutoka chake.

"Mbona hukuniambia tena?" aliuliza.

Binti alimtazama, akashangaa kweli. "Nilikuwa nimeshakuambia."

Hapo daktari wa mifupa alitoka upasuaji, akaletewa habari, akaingia na kofia ya kijani bado kichwani. Yeye na Chokaa wamekula chumvi nyingi pamoja. Alizitazama picha, akakaa, akasema taratibu kwamba kuna watu wanaozaliwa na mfupa wenye umbo hilo. Si wengi, lakini wapo. Yeye yupo tayari kuandika hivyo na kutia saini, na fomu iliyogongwa muhuri itafungwa kwa maelezo ya daktari. Hakusema kazi ya Chokaa itakuwaje habari ikienea kwamba fundi wa plasta amemwacha mwanawe aunge mkono kwa rula. Hakuwa na haja ya kusema. Chokaa alikuwa ameshasikia kicheko na minong'ono ya korido nzima.

Binti ndiye aliyejibu kwanza. Aliitikia kwa kichwa haraka haraka, akasema ndiyo, iandikwe hivyo, alizaliwa hivyo.

Kati ya yote ya siku hiyo, hilo ndilo lililompiga Chokaa kuliko picha yenyewe. Mtoto alikuwa na mkono mmoja umevunjika na mwingine umepinda, akawa anahangaika kumtafutia baba yake mahali pa kujificha. Wala hakuonekana kuona ajabu. Alifanya kama mtu afanyaye kazi yake ya kila siku, na Chokaa akaelewa kwamba ni kazi yake ya kila siku. Miaka mingapi sasa, hakuthubutu kuhesabu.

"Fomu iko sawa," alisema. "Ibaki ilivyo."

Daktari alimuuliza kama ana hakika. Chokaa akavuta fomu, akatia saini penye mzazi, jina lilelile lililokuwa penye mtoa taarifa, karatasi moja. Mama Ustawi alisema tangu aanze kazi hajaona kitu kama hicho, kisha akasema atakuja nyumbani kwao kila mwezi kwa nusu mwaka, atazungumza na binti peke yake, na asiandaliwe chai. Daktari, ambaye sasa hakuwa na budi kuwa daktari, alieleza kwamba mkono wa kushoto huenda ukahitaji kuvunjwa upya chumba cha upasuaji na kunyooshwa, la sivyo kiganja hakitageuka maisha. Wataamua wa kulia ukishapona. Binti alisema sawa, kama mtu aliyeambiwa basi litachelewa.

Wa kulia haukuweza kusubiri, uvimbe ulikuwa unazidi. Walirudi chumba cha mwisho cha korido. Sindano ya ganzi ilichomwa, lakini ganzi ya namna hiyo hupunguza tu, haimalizi, na wote watatu walijua. Daktari angeuvuta mkono, na mtu mwingine angeshika kiwiko asimruhusu mgonjwa kufuata. Msaidizi wa Chokaa alikuwa likizo. Daktari alimuuliza kama ataweza. Chokaa alishika kiwiko.

Ndipo alipogundua jambo lililomtia hofu. Kwa miaka yote amejisifu kwamba anasoma maumivu usoni, anajua lini asimamishe na lini aendelee. Alimwangalia binti yake na hakuona chochote. Uso ulikuwa laini, macho yametulia ukutani. Angeweza kuwa anasikia maumivu ya kuua, angeweza kuwa anawaza masomo. Baba yake hakuwa na njia ya kujua. Alimwambia ukweli, kwamba hajui kama wanamuumiza, na leo apige kelele anavyotaka, hakuna atakayemcheka. Binti aliitikia kwa heshima, kama anavyoitikia kila kitu.

Daktari akavuta. Mfupa ukakwaruza, ukaruka, na binti akapiga yowe.

Halikuwa yowe la mtoto. Lilitoka chini sana, zito, na likajaa chumba mpaka beseni likatetemeka juu ya meza. Chokaa alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu binti ana miaka kumi, na hata wakati ule haikuwa hivi. Na kabla hajajua anafanya nini, mdomo wake, wenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, ukasema, "Ssss! Nyamaza, nyamaza, kwisha."

Binti akafunga mdomo. Yowe lilikatika katikati. Uso ukarudi kuwa laini vilevile, utadhani hakuna kilichotokea.

Daktari alisema mfupa umekaa. Chokaa alisimama ameshika kiwiko, akijua alichofanya, akijua pia kwamba amekifanya mara elfu na hii ndiyo ya kwanza kujisikia. Alifungua kinywa aseme neno. Yaliyokuja yote yalikuwa mizaha.

"Wewe ndiye uliyesema nipige kelele," alisema binti.

Sauti ilikuwa inatikisika. Chokaa alimtazama, akaona tundu za pua zimepanuka na midomo inacheza, na ilimchukua muda kuelewa anachokiona, kwa sababu alikuwa hajawahi kuonyeshwa. Mtoto wake alikuwa amemkasirikia.

"Ndiyo," alisema. "Nilisema."

"Basi usininyamazishe."

"Sikunyamazishi."

"Umeninyamazisha sasa hivi. Kila siku unaninyamazisha." Akavuta pumzi, ikakwama, akavuta nyingine. "Mkono uliniuma, Baba. Uliniuma sana, na wewe ulikuwepo."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, makamasi yakimtoka, mwili wote ukitikisika mpaka daktari akalazimika kuushikilia ule mkono aliotoka kuunyoosha usiharibike tena. Watu wa korido walisogea mlangoni kuchungulia, na vijana wa pikipiki waliacha kuugulia. Mpiga picha alikuja mbio akidhani mtu amekufa. Chokaa alitaka kufunga mlango, akatazama mikono yake, yote miwili imeshika kiwiko, akauacha. Daktari aliomba maji, akaomba tena, mwishowe akaenda kuyachota mwenyewe na kuzungusha bandeji peke yake. Plasta ya mkono huchukua dakika kumi hivi kushika. Binti alilia mpaka ikashika, na baba yake hakutia neno.